Njia Inayozunguka Ukuta

"Sasa umechagua ipi?" Humoud aliuliza kwenye simu.

Ghaith alikuwa kapiga magoti nyuma ya basi lake, simu kaibana baina ya sikio na bega, anachota mchanga kwenye tairi kwa mikono miwili. Beleshi alikwisha kulitupa kando, kwa sababu mpini wake ulikuwa umepasuka na umemchana kiganja. Mchanga ulikuwa mkavu na mwepesi. Kila alichokitoa kilirudi.

"Kaka, nimekwama," alisema. "Watoto wana mtihani."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mwanangu Nasr amenipigia tena kutoka Kanada. Anasema ile mashine ya kurushia theluji ndiyo yenyewe, huko kila nyumba yenye njia ndefu inayo. Lakini mimi sikulazimishi. Nenda kwa Mahrous, Ibra, ukazicheki zote tatu, uchague unayoipenda. Gharama juu yangu. Ijumaa uje na jibu."

"Kaka, mimi nilikwambia kwamba..."

"Ijumaa, inshallah," Humoud alisema, na simu ikakatika.

Ghaith aliitia simu mfukoni, akasimama, akaupiga ukuta teke. Ulikuwa ukuta wa Humoud, wa matofali ya saruji, mrefu kumpita mtu, uliopakwa rangi ya maziwa. Ukuta haukusikia kitu. Kidole gumba cha Ghaith ndicho kilichosikia, na ndani ya basi binti yake Israa, aliyekuwa na karatasi zake mapajani akijikumbusha masomo, aliinamisha kichwa asionekane kuwa amemwona baba yake akimpiga teke ami yake.

Walipofika shuleni, Israa na wasichana wengine wote waliopitiwa njiani, mtihani ulikuwa umeshaanza. Mwalimu mkuu, Bi Turkiya, aliwaingiza wasichana kwanza, kisha akarudi mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Jumamosi ni hesabu," alisema. "Ukichelewa tena, Ghaith, nitaiandikia wizara itupe dereva mwingine. Na usinielezee habari za mchanga. Mchanga tumezaliwa tumeukuta."

Ghaith aliitikia kwa kichwa. Basi lilikuwa lake, alilipata kwa jasho lake, lakini bila ule mkataba wa shule lingekuwa bati la kuwekea kuku. Alirudi Bidiya polepole, kiganja kinamchoma na kidole kinampwita, na hasira haijamtoka.

Ili mtu aielewe hasira ile lazima aujue ule ukuta. Baba yao alirudi Omani kutoka Tabora na mkewe na Ghaith, akimfuata Humoud aliyekwisha kutangulia, akapewa kiwanja Bidiya: kirefu, kimeanzia kwenye lami na kuishia miguuni mwa mchanga. Mzee akajenga nyumba huko nyuma kabisa, kwa sababu hakupenda kelele za magari. Njia ilikuwa moja kwa moja. Ukisimama jikoni ulimwona mgeni tangu anaacha lami, ukawahi kuteleka maji kabla hajabisha. Mzee alipofariki, Humoud, mkubwa, ambaye wakati huo alishakuwa na ofisi yake Maskati, ndiye aliyegawa. Ghaith abaki na nyumba, kwa kuwa ndiye aliyekaa na mzee. Yeye atachukua ule uwanja mtupu wa mbele. Watu wakasema, tazameni ukarimu wa Humoud, kampa mdogo wake nyumba, yeye kachukua vumbi.

Kisha lile vumbi akalizungushia ukuta.

Alisema iko siku atajenga kituo cha petroli. Miaka ikapita, na ndani ya ukuta hamkuwa na kitu ila mti wa ghafu na tangi la maji lililopasuka. Upande mmoja palikuwa na shamba la mitende la jirani, mzee Khalaf, hapakupitika. Basi Ghaith ilimbidi apitie upande wa mchanga: atoke getini kwake, aufuate ukuta, apinde kona, aufuate tena, ndipo aione lami. Na kwenye kona hiyo, miezi ya joto, upepo wa kusi ulishuka kutoka kwenye vilima, ukagonga ukuta, ukaangusha kila ulichokuwa umekibeba. Jioni unasafisha, asubuhi unakuta kama hujafanya kitu.

Na Humoud hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuudhi Ghaith kuliko yote. Humoud ndiye aliyetangulia kuja, ndiye aliyezunguka ofisi hadi ofisi mpaka wenziwe wakapata uraia, ndiye aliyemsimamia mdogo wake harusi. Mtu wa namna hiyo unamkasirikiaje? Ghaith hakujua kazi hiyo inavyopasa kufanywa, lakini aliifanya kila asubuhi, na beleshi mkononi.

Alhamisi akaenda Ibra.

Duka la Mahrous lilikuwa nyuma ya soko, limejaa pampu za visima na misumeno ya mota. Mahrous mwenyewe alikuwa mzee wa mjini Unguja, mwembamba, kofia yake ya viua kaiinamisha upande mmoja kama kijana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo mdogo wake Humoud? Ahlan, ahlan. Pita ndani, jua lishakuwa kali. Nduguyo kanisumbua kwa simu wiki nzima, utasema n'namuozesha binti."

Mashine ya theluji ilikuwa katikati ya duka, nyekundu, mpya, ina kinywa kipana chenye meno ya chuma yaliyojizungusha, na juu yake bomba lililopinda la kutemea. Mahrous aliipiga kofi la mgongo.

"Hii hapa. Imeletwa makusudi kwa ajili yako. Kitabu chake kina picha ya bwana mmoja kavaa koti la sufu mpaka masikioni, anacheka. Mie umri huu theluji sijaiona ila kwenye friji. Lakini nduguyo kasema lazima uione inafanya kazi. Haya, twende uwani."

Uwani palikuwa na chungu ya mchanga wa kujengea. Mahrous akavuta kamba, injini ikanguruma, meno yakauma ile chungu, na mchanga ukaruka juu, juu sana, ukapita ukuta wa uwa. Kwa dakika nzima Ghaith aliamini kwamba Nasr wa Kanada ana akili. Kisha upepo ukaupokea ule mchanga huko juu na kuurudisha wote kwa wenyewe. Uliwaingia machoni, midomoni, masikioni. Ndani ya mashine kitu kikaanza kusaga, kikalia, na moshi wenye harufu ya mpira ukatoka ubavuni. Mahrous aliizima haraka.

"Basi," alisema, akatema. "Theluji nasikia hata ukiiacha huyayuka. Huu mchanga hata uupike hauyayuki."

Ghaith alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko cha kwanza tangu joto lianze, na katikati ya kicheko akamwona kaka yake ofisini Maskati, kiyoyozi kinampuliza kisogo, anashauriana na mwanawe aliye ng'ambo ya dunia kuhusu kona ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuichota hata kiganja kimoja. Kicheko kikakatika. Akafuta macho, na hakujua anafuta mchanga au nini.

Ya pili ilikuwa bapa la chuma la kufunga mbele ya trekta, na yeye hakuwa na trekta. Ya tatu ilikuwa katapila dogo la manjano. Lina kiti cha ngozi, lina kibanda cha vioo, lina feni. Mahrous akamwambia apande, naye akapanda. Na hapa lazima isemwe kweli: alilipenda. Aliushika usukani, akakiinua kile kijiko cha mbele na kukiteremsha, kikamtii bila ya kelele. Alijiona asubuhi kwenye kona, kakaa kitako, kiganja hakimuumi, mchanga unasogea wenyewe, Israa anamtazama dirishani na kutabasamu. Neno "hili" lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi.

"Hiyo ndo dawa," alisema Mahrous. "Lakini n'ambie, njia yenyewe ikoje? Nijue kama litageuka."

Ghaith aliteremka. Boneti la gari bovu lililokuwa pale uwani lilikuwa na vumbi, akachora juu yake kwa kidole. Mstari mmoja ukawa lami. Kijumba kidogo nyuma, nyumba yake. Katikati yake, sanduku kubwa la pembe nne. Kisha akaichora njia, ikatoka nyumbani, ikalizunguka lile sanduku, ikafika lami.

"Na hapa katikati pana nini?" Mahrous aliuliza.

"Hapana kitu. Mti wa ghafu na tangi bovu."

"Pa nani?"

"Pa Humoud."

Mahrous alikaa akiitazama ile picha ya vumbi. Akaisogeza kofia yake, akaitazama tena.

"Kwa hivyo," alisema taratibu, "nduguyo anakununulia katapila ili usipite kwake."

Hakuna mtu aliyewahi kulisema kwa ufupi hivyo, hata Ghaith mwenyewe katika kulalama kwake kote. Mahrous alichukua kitambaa, akalifuta boneti mpaka likang'aa.

"Mie muuzaji," alisema. "Neno hilo sikulisema mie."

Ghaith alirudi nyumbani akiwa amekunja uso. Alimfokea Israa kwa sababu ya kelele za feni, ambayo ndiyo feni pekee iliyokuwa inafanya kazi, kisha akaona haya, kisha haya ile nayo ikageuka kuwa hasira. Mkewe Badriya alikuwa sebuleni anapepeta mchele. Badriya alizaliwa papo hapo Bidiya. Kiswahili alijifunza jikoni kwa mama mkwe wake, na mpaka leo alikisema kwa namna yake.

"Silitaki katapila," Ghaith alisema. "Wala theluji yake. Kesho namwambia anitobolee ukuta. Matundu mawili tu ya geti, mbele na nyuma, nipite moja kwa moja kama zamani. Hata akitaka kujenga, ajenge pembeni yangu."

"Ulimwambia mwaka ule."

"Nilimwambia. Akasema inshallah."

Badriya aliacha kupepeta. "Ulimwambia kabla ya kahawa au baada ya kahawa?"

"Kahawa inahusu nini?"

"Nijibu, Baba Israa."

"Baada. Nilikunywa, nikaongezwa, nikatikisa finjani kwamba nimetosheka, nikala na halwa. Ndiyo nikasema shida yangu. Ulitaka nimvamie na shida mlangoni?"

Badriya aliuweka ungo chini. "Ya Rabbi. Mtu mwenye haja hanywi kahawa. Anapokea, anaweka chini, ananyamaza. Mwenye nyumba anaona, anajua huyu amekuja na kitu kubwa. Anamuuliza, haja yako nini? Halafu lazima amwambie, kunywa, haja yako nimekupa. Mpaka aseme hivyo, kahawa inakaa pale pale, inapoa, watu wote wanatazama. Kama hakusema, aibu ni yake yeye, si yako."

"Na mbona miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningejuaje kama ulikunywa?" Sasa na yeye sauti yake ilipanda. "Mimi nilifikiri uliweka chini, akakukatalia mbele ya watu. Miaka yote nimemchukia Humoud kwa hiyo. Salamu yake naitikia nusu. Kumbe wewe umekunywa, na halwa umekula."

Ghaith alikaa kitako juu ya mkeka. Kwao Tabora, mwenyeji akikuletea kitu unakionja, hata kama umeshiba mpaka shingoni. Kukiacha ni kumtukana. Mama yao alikuwa akiwafinya mapaja yeye na Humoud wakigeuza uso mbele ya uji wa watu. Walifinywa wote wawili, kwa mkono mmoja. Na alipokuwa anawaza hayo akaikumbuka vizuri siku ile: alikuwa ameshafungua mdomo, anataka kuanza kusema, na Humoud akamsogezea finjani. Kunywa kwanza, Ghaith. Akafungua mdomo tena. Kunywa bwana, mambo baadaye. Humoud aliyetangulia kuja nchi hii miaka mingi, aliyekaa barazani na mashekhe, anayejua kila finjani inasema nini. Alikaa pale akamtazama mdogo wake anakunywa haki yake, tone baada ya tone, kwa adabu aliyofundishwa na mama yao.

Usiku huo Ghaith hakula. Si kwa huzuni. Meno yake yalikuwa yamebanana.

Ijumaa baada ya sala watu walijaa kwenye majlisi, ukumbi wa wageni nyumbani kwa Humoud, Ibra, kama kila Ijumaa anapokuja kutoka Maskati. Walikuwa wazee wa Ibra na wa Bidiya, wamekaa kuzunguka kuta, tende na halwa katikati. Humoud alikuwa kavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alimketisha Ghaith upande wake wa kulia, mahali pa mgeni wa heshima, na mzee Khalaf akafuata.

"Huyu ndugu yangu," Humoud aliwaambia kwa Kiarabu, "mchanga unamtesa. Nimemwambia achague mashine yoyote aitakayo, hata ikitoka Kanada. Baba yetu hayupo, mimi ndiye baba."

"Mashallah," wakasema. "Mungu akuzidishie."

Humoud alitaka kumimina mwenyewe siku hiyo. Alishika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, akamimina, akampa Ghaith wa kwanza.

"Haya, tuambie. Umechagua ipi?"

Ghaith aliipokea finjani kwa mkono wa kulia. Harufu ya iliki ilimpanda puani. Akaiweka finjani chini juu ya zulia, mbele ya magoti yake, na kuuondoa mkono.

Mazungumzo yalikufa upande ule wa majlisi kwanza, kisha upande wa pili.

Humoud aliinama kama anayemnong'oneza siri ya furaha, akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa mle ndani Kiswahili kilikuwa chao wawili tu. "Kunywa, Ghaith. Usinifanyie hivi mbele za watu. Mama angekuona unakiacha kikombe cha mtu, angesema nini?"

Kama angelitaja jambo jingine lolote, pengine Ghaith angeteleza. Lakini alimtaja mama, kwa kazi ileile ya mwaka ule.

"Mama hakutufundisha ili unifunge mdomo kwa adabu yake," Ghaith alimjibu kwa Kiswahili. Halafu akainua sauti, akageukia Kiarabu, ili kila mmoja asikie. "Nina haja, kaka."

Chembe za mchanga ziligonga kioo cha dirisha. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza mapema.

"Haja gani?" Humoud aliuliza. Hakuwa na la kufanya ila kuuliza.

"Mashine siitaki, Mungu akulipe kheri. Nataka ukuta wako utobolewe mahali pawili, nipite alipopita baba. Kesho alfajiri nina watoto wa watu wa kuwafikisha kwenye mtihani. Nikikwama tena kwenye kona yako, kazi sina."

"Mambo ya kiwanja hayo, tutayazungumza sisi wenyewe," alisema Humoud. Alicheka kidogo, na hakuna aliyecheka naye. "Kunywa kwanza, kahawa inapoa."

"Itapoa," Ghaith alisema.

Damu ilikuwa imempanda Humoud mpaka masikioni. Alisimama wima, dele mkononi, akitafuta kwa macho mtu wa kumwokoa, na mzee Khalaf, ambaye alilijua lile shamba na ule ukuta na ile kona tangu siku ya kwanza, akanyoosha mkono wake wenye mishipa.

"Nipe na mimi, Humoud," alisema.

Humoud alimimina kwa haraka, kwa shukrani hata. Khalaf akaipokea finjani, akaitazama, akaiweka chini juu ya zulia kando ya ile ya Ghaith. Alikunja mikono yake mapajani kama mtu anayesubiri gari.

Mtu aliyemfuata Khalaf akanyoosha mkono.

Mwenye nyumba hamnyimi mgeni kahawa. Humoud alimimina. Finjani ikawekwa chini. Akamimina nyingine, na mkono mwingine ukanyooshwa, na mwingine, na dele lilivyozidi kuwa jepesi ndivyo mkono wake ulivyozidi kushuka. Ghaith hakumtazama usoni. Alitazama finjani yake, ambayo ilikuwa imeacha kutoa moshi, na vumbi la mchanga lililopenya sijui wapi likielea juu yake. Zulia zima, upande hadi upande, lilikuwa na safu ya finjani zilizojaa, na Humoud amesimama nyuma ya safu hiyo hana pa kupita.